Koti Chini ya Bawa

Mimi ni mpiga mbizi niliyezaliwa mlimani. Kwetu Heru Juu maji ni ya kunywa, ya kupikia maharage na ya kuvuka kwa mashaka wakati wa masika, na mtu mzima anayejitosa humo kwa hiari yake watu humtazama mara mbili. Miaka ile ya tisini nilikuwa nafanya kazi Kigoma, nikiwashika samaki wadogo wa rangi ambao watu wa Ulaya huwafuga ndani ya vioo sebuleni. Kila niliporudi nyumbani kwa mke wangu, majirani walikuwa wananisubiri kwa hamu. "Umetuletea samaki?" Nikisema wale si wa kula, walicheka upya, kana kwamba hawajawahi kunisikia nikisema hivyo. Mzee mmoja aliniambia waziwazi kuwa akili zangu zimebaki kule chini ziwani, na kwamba siku nyingine nikizamia nizitafute.

Sikuudhika. Niliijua kazi yangu, na nilikuwa na majivuno ya mtu anayejua jambo ambalo kijiji kizima hakilijui. Majivuno yenyewe nayataja mapema maana yalikuwa na sehemu yake katika haya.

Nieleze kwanza chombo, la sivyo aibu yangu haitaeleweka. Mzamiaji akishabeba mtungi wa hewa na mkanda wa vyuma vya uzito kiunoni, anazama moja kwa moja. Lazima awe na kitu cha kumwinua kidogo, asitambae kwenye matope wala asipae juu. Wengine huvaa jaketi la hewa linalozunguka kifua na tumbo. Sisi tulitumia kitu tulichokiita bawa: mfuko wa hewa unaokaa mgongoni peke yake, umebanwa kati ya bamba la chuma na mtungi. Ukibonyeza kitufe kilicho kwenye bomba la begani, unavimba kulia na kushoto. Ukivuta kamba fupi iliyo chini, karibu na nyonga ya kushoto, hewa inatoka. Mbele huna kitu ila mikanda.

Kwa mshika samaki hiyo ilikuwa raha. Unaelea umelala, tumbo liko juu ya mawe bila kuyagusa, mikono yote miwili ina wavu. Lakini bawa lina tabia yake. Ukifika juu ya maji ukalijaza sana, linakusukuma kutoka nyuma na uso wako unaingia majini. Jaketi humweka mtu wima kama mtoto aliyekalishwa kwenye beseni; bawa humlaza kifudifudi. Aliyelizoea hujilaza chali akalifanya godoro. Asiyelizoea hunywa ziwa.

Tulikuwa nayo mawili, yote yaliachwa na watafiti wageni waliomaliza kazi zao wakaenda kwao. Moja lilikuwa la ngozi moja, kitambaa chembamba chenye plastiki kwa ndani, na kingo zake zilikuwa zimeyeyushwa zikashikana bila uzi. Lilikuwa jepesi, lilikunjika likaingia kwenye kikapu, na lilikauka kabla hujamaliza chai. Bosi wetu alilipenda sana. Mimi sikuliamini hata siku moja. Jiwe lenye ncha, mwiba, gando la kaa, chochote kikilipata ndiyo kimelipata, maana hakuna kitu kingine kati yake na hewa yako.

La pili lilikuwa la ngozi mbili. Nje turubai zito lenye zipu, ndani mfuko laini wa hewa. Hilo lilivumilia mawe, lilivumilia kuburutwa kwenye sakafu ya boti, lilivumilia hata wasaidizi wetu waliolikalia. Lakini lilikuwa zito, lilichukua siku nzima kukauka, na mchanga ukishapita kwenye zipu ulikaa kati ya zile ngozi mbili ukawa unasaga taratibu. Kwa nje bawa unaliona zima, kumbe ndani punje moja inalitoboa. Mikunjo ya mfuko wa ndani nayo ilificha hewa. Unavuta kamba, unadhani umelimaliza, kumbe hewa nyingine imejibanza kwenye kona, na ukijigeuza tu inakuinua upande mmoja.

Kuyatunza mabawa ilikuwa kazi yangu, na nilijifunza kwa kuharibu. Mwanzoni niliziba tundu kwa solusheni ya baiskeli na kipande cha tyubu, nikajipongeza. Kiraka kilikaa wiki chache kisha kikabanduka chote kwa pamoja, nikiwa chini. Solusheni inapenda mpira, haipendi plastiki ile. Nilijifunza kuyaanika kivulini maana jua linakausha gundi, na kuyaacha na hewa kidogo ndani ili kuta zisigandane. Niliyaning'iniza darini kwa kuogopa panya. Kwa kweli niliyajua mabawa yale vizuri kuliko nilivyowajua ndugu zangu, na niliamini hakuna kosa la bawa linaloweza kunishangaza.

Sasa koti.

Mke wangu ametoka Busunzu, upande wa Kibondo. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi zamani, wakalima, wakazaa, wakawa watu wa pale. Baba mkwe alishafariki. Alibaki mama mkwe, binti yake niliyemwoa mimi, na kijana mmoja wa kiume, mdogo wa mke wangu. Kwetu Waha, na kwao vilevile, mkwe wa kiume na mama wa mkewe hukaa mbali. Hamli sahani moja. Hamkutani njiani, mmoja wenu anaingia porini kumpisha mwenzake. Mnasalimiana mkitazama pembeni. Na mwili wako, kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, haumhusu. Mkwe aliyekwenda ukweni na shati la mikono mifupi husemwa mpaka watoto wake waote ndevu.

Wengine waliyachukua haya kwa wepesi. Mimi sikuyachukua hivyo. Nilijua kwamba ukweni wanajua kazi yangu ni ya kuvua nguo, na kwamba wapo waliosema binti yao ameolewa na mtu anayeshinda uchi na samaki. Kwa hiyo nilinunua koti. Lilikuwa la kahawia, zito, la mtumba wa soko la Kasulu, lenye bitana ya hariri bandia. Sikuwahi kwenda Busunzu bila koti hilo, hata jua liwake namna gani. Nilitoka jasho mpaka viatuni, lakini nilikuwa mkwe mwenye heshima zake, na nilipenda kuonekana hivyo.

Mwaka wa mvua za Elinino, habari zilinifikia Kigoma kwa mdomo wa dereva wa lori. Shemeji yangu alikuwa amepakia magunia mawili ya maharage kwenye baiskeli, anayapeleka kwenye soko lililo karibu na kambi ya wakimbizi. Alikuwa peke yake. Wenye mizigo mizito huwa na mwenzao wa kushika kamba nyuma ili baiskeli isikimbie kwenye mteremko. Yeye kwa kukosa mwenzake alijifunga kamba hiyo kiunoni. Chini ya mteremko kuna daraja la magogo, na chini ya daraja kijito kinaingia kwenye bwawa la zamani lililochimbwa kwa ajili ya mashine ya kusaga. Magogo yalikuwa na utelezi. Waliokuwa shambani waliona baiskeli ikienda na mtu akiifuata.

Watu walitafuta kwa miti mirefu na ndoano, wakatoa matawi tu. Mwili haukuibuka, na kila aliyejua habari ya ile kamba alijua kwa nini. Mke wangu alikuwa ameshaondoka Heru Juu kwenda kwao. Ujumbe wake kwangu ulikuwa mfupi: mama anasema mukwe aje na vyombo vyake.

Nilisikia fahari. Sitaficha. Nilihuzunika kwa kijana yule, alikuwa mcheshi na ndiye mtu pekee wa ukweni aliyewahi kuniuliza habari za samaki kwa nia ya kutaka kujua. Lakini pamoja na huzuni kulikuwa na kitu kingine kilichosema: leo wataona.

Bosi alinipa mtungi mmoja uliojaa na ruhusa. Alitaka nichukue bawa jepesi, maana safari ni ndefu. Nilikataa. Nilijua bwawa kama lile lina miti iliyozama na vishina, na mimi sitaona hata mkono wangu. Nikachukua lile la ngozi mbili. Nikaliosha zipu, nikalijaza hewa, nikalilalia usiku kucha kuona kama litapungua. Halikupungua. Katika mambo niliyoyafanya safari ile, hilo lilikuwa sahihi, na huwa najikumbusha.

Njiani, kwenye kizuizi, askari waliugonga mtungi kwa rungu wakataka kujua kama ni bomu. Miaka ile kila chuma kilichoelekea upande wa mpakani kilikuwa bomu mpaka kithibitike vinginevyo. Nilifungua kidogo wakasikia hewa inavyolia, mmoja akaruka nyuma, wenzake wakamcheka, nikapita. Nilifika Busunzu na koti langu limejaa vumbi la lori.

Ukingo wa bwawa ulikuwa umejaa watu. Wanaume upande wa daraja, wanawake upande wa pili, na mbele ya wanawake wote alisimama mama mkwe, kifurushi kidogo kwapani. Maji yalikuwa mekundu ya udongo. Yeye hakuwa analia. Alikuwa anayatazama maji. Mke wangu aliniambia kwamba tangu siku ile ya kwanza hawajaweza kumtoa pale. Anasogezwa kivulini, anarudi. Anapewa uji, anaunywa macho yakiwa palepale. Alikuwa amesema kwamba mwanawe akiibuka asije akakuta yeye ametazama kwingine.

"Amahoro, mama," nilisema kwa mbali, nikitazama majani.

"Amahoro, mukwe wanje," alisema, akiyatazama maji.

Nikaanza kupanga vyombo. Nilifunga mtungi kwenye bawa, bawa kwenye bamba, nikajaribu kitufe, nikajaribu kamba. Watu walinikaribia kutazama na mimi nikawa naeleza hiki ni cha nini na kile ni cha nini, sauti yangu nzito kidogo kuliko kawaida. Kisha vyote vikawa tayari, na likabaki jambo moja. Kazi ile hufanywa mtu akiwa na bukta tu. Nilitazama upande wa wanawake. Mama mkwe alikuwa hatua chache kutoka pale ambapo ningeingilia, na kwingine kote kulikuwa na matope ya kuzama hadi mapajani.

Mke wangu akaja. "Vua basi. Unangoja nini?"

"Mama yupo pale."

"Namwona."

"Siwezi kubaki na bukta mbele ya mama."

Alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama kabla wala baada. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Basi zamia na koti lako," alisema, akaondoka.

Alisema kwa uchungu. Mimi nikalichukua kama ushauri. Naandika hivi na masikio yananiwaka, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilisimama pale nikafikiri kwa makini, kama fundi, jinsi ya kuzamia na suruali, shati na koti. Nikaona inawezekana. Nililegeza mikanda ya bawa kila mmoja ili ipite juu ya koti, nikaifunga vizuri, nikajiona nimepata njia ya kuokoa kila kitu. Nikavaa mapezi ya mpira chini ya suruali ya kitambaa. Kijana mmoja upande wa wanaume alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Nikaingia.

Mwanzoni koti lilijaa hewa likanizuia kuzama, nikasukuma kwa nguvu. Kisha likanywa maji, likalala. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na sikugundua. Mikanda niliyoilegeza kwa ajili ya koti kavu sasa ilikuwa inazunguka koti lililolowa na kubana mwilini, na pote palikuwa na nafasi. Bamba likaanza kucheza mgongoni. Nilishuka nikipapasa, gizani kabisa, nikifuata kamba niliyokuwa nimeidondosha kutoka darajani. Niligusa matawi. Niligusa gunia. Kisha mkono wangu ukashika kitu baridi kilichopinda, chenye kengele: usukani wa baiskeli.

Shemeji alikuwa pale, upande wa pili wa gunia. Nilihitaji kusogea urefu wa mkono mmoja tu. Nikatia hewa kidogo ili nisichimbe matope, na bawa likapanda. Halikuniinua mimi, lilipanda lenyewe, bamba na mtungi vikateleza hadi kisogoni kwa sababu mikanda haikunishika. Hewa yote ikakimbilia upande wa kulia. Nikapinduka, nikauachia usukani. Nilitafuta kamba ya kutolea hewa mahali pake pa siku zote, nyongani, nikaishika, nikaivuta kwa nguvu. Ilikuwa pindo la koti. Nikavuta tena. Pindo la koti. Mkono wa kushoto nao haukunyooka kufikia bomba la begani, maana mkono wa koti uliolowa umebana kwenye kiwiko. Kadiri nilivyopanda, hewa ndani ya bawa ikazidi kutanuka, na kadiri ilivyotanuka ndivyo nilivyozidi kupanda.

Nilitokea juu mgongo ukitangulia. Bawa lilikuwa limevimba lote nyuma ya kichwa changu na kunikandamiza uso majini, koti limenifunika kichwa, na kipumulio kimenitoka mdomoni. Nilipiga maji. Nilikunywa matope ya Busunzu. Najua walichokiona wale watu, kwa sababu nilishawahi kuwaona wageni wakifanya hivyo ziwani na nikawacheka: walimwona mtu kichwa chini, miguu yenye suruali ya kwendea kanisani ikitupa mapezi hewani. Wanaume walininasa kwa ndoano, kwenye kola ya koti, wakaniburuta hadi ukingoni kama mbuzi aliyekataa kwenda mnadani.

Wakanivua mtungi na bawa, nikalala kwenye majani nikitapika. Kulikuwa na kicheko kimoja, kikazimwa haraka. Kicheko hicho kisingekuwa kitu. Kilichonimaliza ni kunyamaza kwa wengine wote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilitazama saa ya mtungi nikaona kwamba kwa hofu na kupaparika nilikuwa nimemaliza zaidi ya nusu ya hewa. Juu ya vilima vya Kitahana mawingu yalikuwa meusi. Mvua ikinyesha kule, kijito kitajaa, na bwawa lile halitaingiliwa na mtu mpaka Mungu ajue lini.

Nikasikia miguu ikinijia kwenye majani, nikajua ni ya nani kabla sijainua kichwa, kwa sababu watu wote walisogea. Mama mkwe alikuja akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa hajawahi kuwa karibu nami hivyo. Nikageuza uso.

"Umemkuta?"

"Nimeshika usukani wa baiskeli, mama."

"Na yeye?"

"Sikumfikia."

Akashika pindo la koti langu, akalikamua kidogo kwa vidole viwili, maji mekundu yakatoka. "Ni hili lililokuzuia?"

Nikauvuta upande wa pili wa koti unifunike kifua.

"Umelivaa kwa ajili yangu."

"Ego, mama," nilikiri.

"Oya, hapana," alisema. Hakukasirika, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mwana wanje yuko humo. Sitaki nikuzike na wewe. Vua."

Nilifungua vifungo, nikaishia hapo. Basi akaniondolea yeye. Alilishika koti kwenye ukosi akalivuta, mkono mmoja, kisha wa pili, kama anavyovuliwa mtoto aliyetoka mvuani, na wanawake nyuma yake wakashusha pumzi kwa pamoja. Kisha akasimama, akawageukia.

"Geukeni. Wanawake wote. Tazameni mlimani."

Wakageuka. Mke wangu alibaki akimtazama mama yake. "Na wewe, mama?"

"Na mimi ni mwanamke," alisema.

Akayapa maji kisogo. Nilimwona akifanya hivyo. Alifanya polepole, kama mtu anayeweka chini mzigo ambao haamini kama atauinua tena, akasimama akikabili kilima, mikono ameikunja kifuani. Nikavua shati, nikavua suruali. Zilikuwa zimelowa chapachapa na kujaa matope, nikazitupa kando. Nikavaa bawa tena, nikavuta mikanda yake mpaka ikauma ngozi.

Safari ile bawa lilikaa. Sina namna nyingine ya kusema: lilikaa mgongoni kama lilivyoshonwa likae, nikavuta kamba na kamba ikawa kamba, hewa ikatoka, nikashuka. Matawi yalikwaruza turubai la nje, nikayasikia, nikashukuru kwamba sikuja na lile jepesi. Nilielea juu ya gunia bila kuligusa. Nikapita juu ya usukani, nikanyoosha mkono, nikamfikia. Sitaeleza zaidi ya kwamba kamba ilikuwa kiunoni bado, fundo lake limekaza, na nilitumia kisu. Ilipokatika alinijia mwenyewe taratibu.

Nilimkumbatia kwa mkono mmoja, wa pili ukatia hewa. Bawa lile ni kubwa, ukubwa niliokuwa naulalamikia siku zote kwa kuwa linakokota maji; siku hiyo lilitutosha wote wawili. Tulipokaribia juu nilijilaza chali, kama nilivyojua toka mwanzo kwamba inapasa, ili lisinigeuze. Nikaibuka mgongo chini, uso juu, na yeye yuko kifuani kwangu.

Wanaume walipiga kelele moja. Kila mtu ukingoni aliisikia. Nilikuwa nimelala majini na niliweza kuwaona wanawake wamesimama safu nzima, migongo kwetu, na hakuna aliyegeuka kwa sababu mama hakugeuka. Mabega yake yalipanda, yakakaa hivyohivyo juu. Aliisikia kelele ile na alijua maana yake. Hakugeuka.

Walitupokea. Wakamlaza yeye kwenye majani, wakanivua mtungi na bawa, nikasimama na bukta yangu iliyonigandama, nikitetemeka. Mtu akatafuta nguo zangu, akaziinua, zikachuruzika matope. Hakukuwa na kitu kikavu. Mwanamume mmoja akavua shati lake, likawa dogo la kuchekesha, akarudi kulivaa. Na muda wote huo yule mwanamke alisimama akitazama kilima.

"Amevaa?" aliuliza bila kugeuka.

"Bado, mama. Nguo zimelowa."

Hapo alifungua kifurushi alichokuwa amekibana kwapani. Akanyoosha mkono nyuma yake, bila kuangalia, na mkononi kulikuwa na shuka jeupe, jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Kila mtu pale alijua limenunuliwa kwa ajili ya nani.

"Mfunikeni mukwe wanje kwanza," alisema.

Nilisema hapana. Nadhani nilisema, mke wangu anasema sikufungua mdomo. Wakanizungushia shuka lile kuanzia mabegani hadi miguuni, likanitosha vizuri. Na kwa kuwa lilikuwa kwangu, walikata majani ya migomba iliyokuwa ukingoni wakamfunika nayo kijana, uso na mwili. Ndipo wakamwambia kwamba tayari.

Akageuka. Alipita mbele yangu, akapiga magoti kwenye matope, akaanza kuyaondoa majani, moja baada ya jingine. Nilikuwa nimesimama karibu naye, mkavu, nimefunikwa kila mahali, sina kosa lolote ambalo mtu wa ukweni angeweza kulisema. Nilitaka kulivua shuka lile palepale nimpe mwanawe. Lakini alikuwa mbele yangu, na kulivua mbele yake sikuweza.